Ufagio wa Choo Usiingie Nyumbani



Wengi mnasema hamna fedha ya kununua ufagio wa pili. Kwa hiyo ufagio ule ule unafagia choo, kisha unafagia mahali mtoto anapotambaa. Kwa njia hiyo kuhara huingia nyumbani, na kipindupindu pia.

Dawa yake mnayo. Gunia la nailoni la unga wa mgao likichakaa, fumua nyuzi zake. Shika fungu linalojaa kiganja, likunje katikati, litie ncha ya kijiti katikati yake, ufunge kwa nguvu kwa mpira wa baiskeli. Kata nyuzi zilingane. Hiyo ni brashi ya kusugulia choo. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini ili hata mtoto aitambue, nayo ikae huko huko chooni. Ufagio wa ndani ubaki ndani.

Kopo la mafuta ya mgao, ukilikata ubavu mmoja, ni kizoleo cha taka. Najua wengine mnayauza sokoni. Uzeni, lakini bakizeni moja. Kingo za bati zikunjwe na kugongwa kwa jiwe mpaka zilale, maana bati hukata, na jeraha chafu laweza kuleta pepopunda.

Chombo kilichotiwa dawa ya wadudu usikitumie kabisa, hata ukikiosha mara kumi.

Ukimaliza kusugua choo, nawa mikono kwa sabuni. Ikikosekana, tumia majivu na maji.