Kikombe cha Kwanza Hutoka kwa Nani?

Mazungumzo kuhusu vijana na pombe, yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wakazi wa kata



Mzazi anapoletewa habari kwamba mwanawe amekutwa amelewa, swali lake la kwanza huwa ni nani aliyempotosha. Lawama humwendea rafiki wa shuleni, dereva wa bodaboda au mgeni aliyehamia juzi. Ni nadra mtu kuanza kuhesabu vikombe vya nyumbani kwake. Hata hivyo, watoto wengi huonjeshwa kwa mara ya kwanza na mtu anayewapenda: babu anayebakiza kidogo chini ya kikombe, shangazi katika sherehe ya kipaimara, au baba anayemtuma mtoto chupa na kumwachia povu.

Katika mikoa ya Iringa na Njombe jambo hili lina sura yake. Msimu wa mvua, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha na utomvu wake hukingwa. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu, na wapo wanaouhesabu kuwa kinywaji cha watoto, sawa na togwa. Lakini chachu haisubiri ruhusa ya mtu. Huanza kazi ndani ya chombo kile kile cha kugemea, na utamu wa asubuhi huwa kilevi kadiri saa zinavyopita. Mtoto aliyezoea ule wa asubuhi hafundishwi na yeyote mahali pa kusimama.

Hapa hazitukanwi pombe za asili. Mbege ya Kilimanjaro na lubisi ya Kagera zina nafasi yake katika posa na matanga, na katika jamii nyingi vinywaji vya namna hiyo vilikuwa vya watu wazima. Kilichobadilika ni biashara: anayeshika fedha huuziwa, hata awe na umri gani.

Sayansi nayo ina neno. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayosaidia kupima hatari na kuzuia tamaa, huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba miongoni mwa walioanza kunywa wakiwa na miaka 14 au chini, zaidi ya asilimia 40 walikuja kupata utegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ilikuwa karibu asilimia 10. Si kwamba umri pekee ndio uliosababisha yote hayo, kwa kuwa huzuni na vurugu za nyumbani nazo humsukuma mtoto kwenye chupa mapema. Lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Wakazi wanavikumbuka viroba. Pakiti zile ndogo za pombe kali zilikuwa rahisi kununua na rahisi kufichwa katika mfuko wa kaptula ya shule, hadi Serikali ilipozipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Marufuku hiyo haikuondoa ulevi. Ilikiri, hata hivyo, jambo ambalo mahubiri huliruka: bei na ukubwa wa pakiti humvuta mtoto kabla rafiki hajamshawishi.

Liko jambo gumu zaidi. Mama anayepika pombe mara nyingi ndiye anayenunua sare na madaftari. Binti yake humsaidia kuchota maji na kusomba kuni. Kisha jioni huwagawia wateja, huonja kama imeiva, na hudai madeni kwa wanaume waliokwisha kulewa. Kumhukumu mama huyo ni rahisi kwa asiyemlipia ada. Linalowezekana tangu leo ni binti kuondoka kilabuni kabla wateja hawajafika, na kazi ya kuonja kubaki kwa mtu mzima. Anayetaka biashara nyingine aulize, kupitia kikundi chake, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Kwa muuzaji, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumuuzia pombe, sigara na vilevi vingine. Mzazi anayemtuma mtoto bia humweka muuzaji katika kosa, na humfundisha mtoto njia ya dukani.

Mtoto akikutwa amelewa hata haamki, asimwagiwe maji wala kunyweshwa kahawa au maziwa. Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, asiachwe peke yake, na apelekwe zahanati mara moja. Viboko havina nafasi usiku huo. Kesho yake, akishatulia, aulizwe kwa upole alikunywa wapi, na nani alimpa. Jibu likiwa zito kwa mzazi kulibeba peke yake, Afisa Ustawi wa Jamii yupo, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.