London hadi Paris: Hesabu Niliyoikosea

(Hotuba ya mwanachama wetu mmoja kwenye mkutano wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma kama tulivyokaa sisi:

Nimeombwa nizungumze juu ya safari. Nitaizungumzia moja tu, ya mwaka 1998, nilipokuwa nasoma London. Kaka yangu mkubwa, ambaye tulikuwa hatujaonana kwa miaka tisa, alikuwa akipita Paris kurudi nyumbani. Aliniandikia kwamba atakuwa hotelini, karibu na stesheni ya Gare du Nord, mpaka saa kumi na moja jioni, kisha ataelekea uwanja wa ndege.

Nikachukua ramani na rula. London hadi Paris ni kilomita zipatazo 344 kwa mstari ulionyooka. Ndege huweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Nikagawanya kama tulivyofundishwa Kidato cha Pili, nikapata dakika 26. Tikiti yangu ilionyesha saa ya kuondoka tu: saa saba na nusu mchana. Nikajiambia, saa nane nimetua, saa tisa niko na kaka, tunazo saa mbili nzima za kuzungumza.

Kugawanya kulikuwa sahihi. Mengine yote yalikuwa makosa.

Muda wa safari ya ndege huhesabiwa tangu inapoondoka mahali ilipoegeshwa, si inaporuka. Yetu ilijikokota, ikasubiri zamu yake. Ikisha kuruka haiendi kilomita 800 mara moja. Chini ya mita 3,000 kwa kawaida haitakiwi kuzidi kilomita 460 hivi kwa saa, na katika safari fupi namna ile, ikimaliza kupanda huwa karibu ianze kushuka. Wala haifuati rula, hufuata njia iliyopangiwa. Ndiyo sababu safari hiyo huandikwa saa moja na robo au zaidi, ingawa hewani haifiki saa moja.

Kosa jingine naona haya kulitaja mbele ya mwalimu wa Jiografia: saa za Paris ziko mbele ya za London kwa saa moja. Nilipoteremka, saa yangu ilisema saa tisa kasoro dakika kumi. Ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi. Halafu ikaja foleni ya pasi (wenye pasi kama yangu wanaijua), halafu treni, maana uwanja wa Charles de Gaulle uko kilomita 25 hivi nje ya mji. Nilifika hotelini saa kumi na moja na dakika ishirini. Kaka alikwisha ondoka kwa treni. Bila shaka tulipishana njiani. Nilirudi mbio uwanjani, nikakuta amekwisha vuka ukaguzi.

Alifariki mwaka 2001, kabla sijarudi nyumbani.

Treni ya chini ya bahari ilikuwapo tangu 1994. Wakati ule ilichukua kama saa tatu, siku hizi ni saa mbili na robo hivi, na inaishia Gare du Nord penyewe, hatua chache kutoka hoteli yake. Niliidharau kwa kuwa saa tatu ni nyingi kuliko dakika 26.

Vijana, tikiti ile ninayo hapa mfukoni. Anayetaka kuiona anifuate wakati wa chai.