Chombo Ulichokinunua ni cha Nani? Mashine za Gemu, Intaneti na Haki ya Mnunuzi

Mada kwa vijana na wanajumuiya, Rau, Moshi



Tume ya Haki na Amani imezoea kusema nanyi juu ya mirathi, mipaka ya vihamba, ujira wa vibarua na maji ya mifereji. Leo tunawaletea jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wetu watalicheka, nalo ni mashine za gemu wanazochezea vijana. Twawasihi msilidharau. Tutaulizana kama ni haki mtengenezaji kuilazimisha mashine iwe imeunganishwa na intaneti wakati wote ndipo ikubali kufanya kazi. Ndani ya swali hilo mna swali jingine la zamani: mtu akishalipa bei ya kitu kwa jasho lake, kitu hicho ni cha nani?

Apitaye jioni katika mitaa ya Moshi hukuta vibanda ambamo vijana hucheza mpira kwenye runinga. Mwenye kibanda ana runinga, mashine na pedi za kuchezea. Wachezaji humlipa kwa mechi au kwa muda. Kwa wateja wake huo ni mchezo, bali kwa yeye mwenyewe ni ajira. Kuna wazazi wanaolalamika kwamba vibanda hivyo huwapotezea watoto muda wa masomo, nao wana hoja. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Mashine ya PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani, ilivifaa sana vibanda vya namna hii. Ilitaka umeme na diski tu. Haikumwomba mtu ruhusa.

Mwaka 2013 mambo yalikaribia kugeuka. Mwezi Mei kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza mashine yake mpya, Xbox One, na mwezi Juni ikaeleza masharti yake. Mashine hiyo ingepaswa kuwasiliana na seva za kampuni walau mara moja katika kila saa 24. Isipofanya hivyo, gemu zisingechezeka, hata kama diski imo ndani na imelipiwa. Kumpa rafiki gemu yako nako kuliwekewa mipaka: mara moja tu, tena kwa mtu aliyekuwa katika orodha yako ya marafiki kwa siku 30. Watu walipouliza habari za wasio na intaneti, mkuu wa kitengo hicho alijibu kwamba wao wanayo mashine ya zamani, Xbox 360. Jibu hilo tunaliona kuwa la kweli na la kikatili kwa pamoja. Kampuni ilikuwa imetaja nchi 21 ambamo mashine hiyo ingefanya kazi tangu mwanzo, na hata nchi moja ya Afrika haikuwamo. Maskini hakufukuzwa mezani; hakuhesabiwa tangu kiti kilipopangwa.

Wanunuzi walipiga kelele, na Sony ikatangaza kwamba mashine yake ya PlayStation 4 haingekuwa na sharti hilo. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft iliyafuta masharti yake, ikabakiza haja ya kuunganisha mara moja tu mwanzoni. Twaeleza habari hii kwa urefu kwa sababu ina fundisho ambalo Tume yetu hulirudia kila mara: mnyonge akikaa kimya, kimya chake huhesabiwa kuwa ni kukubali. Waliosema walikuwa mbali nasi, nasi tukafaidi sauti yao bila kujua.

Yafaa tuwatendee haki watengenezaji kwa kusikia hoja zao. Wanasema kwamba intaneti huzuia nakala za wizi, huwabaini wachezaji wadanganyifu, na huiwezesha programu kurekebishwa inapokuwa na kasoro. Hoja ya wizi ina uzito, na hapa hatuwezi kuwapaka vijana wetu mafuta kwa mgongo wa chupa. Diski za kunakili na mashine zilizochakachuliwa si jambo geni mjini. Amri ya saba haibagui mwizi wa kuku na mwizi wa kazi ya akili ya mtu, na nchi yetu inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Yupo msanii wa kwaya hapa Kilimanjaro anayelia kwa sababu nyimbo zake zimenakiliwa na kuuzwa bila yeye kupata hata senti. Mtunga programu ana machozi yale yale.

Walakini, kosa la mwizi halimpi mwenye duka haki ya kumfunga pingu kila mteja. Tena pingu hizo humuumiza zaidi yule aliyelipa, maana mwizi hutafuta njia ya kuzivua. Mwezi Machi 2013 kampuni ya EA ilitoa gemu iitwayo SimCity, ambayo haikuchezeka bila intaneti hata na mtu mmoja aliyekaa peke yake. Seva zikazidiwa, na waliolipa bei kamili wakashindwa kuingia kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo iliruhusu ichezwe bila intaneti.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili. Ipo gemu ambayo kwa asili yake ni kukutana na watu wa mbali, kama vile simu ilivyo. Kuitaka bila mtandao ni sawa na kutaka kupiga simu bila laini. Hatuna ugomvi na hiyo. Ugomvi wetu ni pale ambapo kazi ya chombo inaweza kufanyika yote sebuleni kwako, lakini kimefungwa ili kisifanye kazi mpaka mtu wa mbali akubali. Intaneti ya namna hiyo humhudumia mwenye kukitawala chombo, ilhali gharama ya bando hulipwa na mwenye kukinunua.

Sisi wana wa mlima tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mababu zetu walichimba mifongo kuleta maji kutoka juu, wakayagawa kwa zamu. Walijua kwamba anayekaa juu ana nguvu juu ya anayekaa chini, kwa hiyo hawakutosheka na mfereji peke yake. Walichimba pia nduwa, bwawa lililojaa usiku, ili asubuhi maji yawepo karibu na migomba. Mwenye zamu aliheshimu kanuni za mfereji, lakini hakulazimika kupanda mlima kuomba ruhusa kwa kila ndoo. Chombo kinachofanya kazi bila intaneti kina nduwa yake ndani. Chombo kisichofanya kazi bila intaneti kimeachwa kwenye ukingo wa mfereji mtupu.

Mita ya LUKU ni mfano ulio karibu zaidi. Unaingiza tarakimu 20, mita inazipokea, na baada ya hapo haimuulizi mtu mpaka uniti ziishe. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU ulipata hitilafu, na watu wengi nchini wakashindwa kununua umeme. Lakini aliyekuwa na uniti ndani ya mita yake aliendelea kuwasha taa. Fikirini ingekuwaje kama kila mita ingelazimika kuzungumza na makao makuu kila saa. Maana mtandao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zetu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Katika siku zile watu walikuwa na majonzi makubwa kuliko gemu, nasi hatutaki kuyapunguza. Twataja tu kwamba chombo kinachotegemea intaneti daima humweka mwenye nacho mikononi mwa wengi: mtengenezaji, kampuni ya simu, nyaya za baharini, na mwenye mamlaka ya kuzima.

Tena yapo mauti ya chombo yanayoamuliwa na mwingine. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliuza gemu ya magari iitwayo The Crew tangu mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva zake, na gemu ikafa mikononi mwa walioinunua, hata kwa aliyetaka kuendesha gari lake peke yake. Ndipo watu wa Ulaya wakaanzisha ombi kwa Umoja wa Ulaya kutaka gemu zilizouzwa zisiuawe namna hiyo, na kufikia Julai 2025 sahihi zilikuwa zimepita milioni moja. Huko California sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" pasipo kumweleza mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni tu. Sisi tunaipenda sheria hiyo kwa sababu inaanzia kwenye ukweli wa maneno. Ukinikodisha, sema umenikodisha.

Kanisa linasema nini? Papa Leo XIII katika Rerum Novarum, mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kumiliki kile alichokipata kwa ujira wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, ulikumbusha kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Na Papa Yohane Paulo II katika Centesimus Annus, mwaka 1991, aliona kwamba umiliki wa maarifa na ufundi umekuwa na uzito usiopungua ule wa ardhi. Aliye na maarifa ya kufunga na kufungua chombo cha mwenzake kutoka mbali amekuwa, kwa namna fulani, bwana shamba mpya. Wala tusisahau Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inayokataza kumwekea mtu rehani jiwe lake la kusagia, kwa kuwa huko ni kuweka rehani uhai wake. Kwa kijana wa kibandani mashine ndiyo jiwe la kusagia. Kwa mama muuza ndizi, simu yake ndiyo jiwe hilo.

Ndiyo maana mada hii haiishii kwenye gemu. Siku hizi simu na taa za jua huuzwa kwa mkopo, na asiyelipa hufungiwa kutoka mbali. Hatusemi ni dhuluma moja kwa moja, maana deni ni deni, na bila mpango huo wengi wasingepata taa. Lakini masharti yasomwe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na siku deni linapokwisha kufuli liondoke lote, lisibaki limelala ndani.

Kwenu vijana wenye vibanda, kabla ya kutoa fedha ulizeni dukani mambo matatu: je, mashine hii yafanya kazi intaneti ikikatika, je, gemu yote imo ndani ya diski, je, naweza kuiuza kesho? Msiamini sanduku kwa kulitazama. Mashine ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya kadi zisizo na gemu ndani, ni ufunguo tu wa kuipakua. Na kisoma diski kinachobandikwa kwenye baadhi ya PlayStation 5 hutaka intaneti siku ya kwanza kinapofungwa.

Muuzaji akiwadanganya, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Na mwanajumuiya yeyote aliyemaliza deni la simu au taa na bado chombo chake kimefungwa, alete stakabadhi zake zote kwa mwakilishi wa Haki na Amani wa jumuiya yake. Tutazipitia pamoja, na barua tutaiandika kwa jina la Tume.