Safari ya Miji ya Kale

Mwaka mmoja sisi walimu kadha wa kadha twaliondoka Kasumulu, tumeazimu kuiona miji minne kwa siku tano. Siku zetu zilikwisha njiani, fedha ikatuishia, na Kilwa hatukufika. Basi shauri hili twalilipia sisi. Ninyi lipokeeni bure.

Kwanza tengeni nauli ya kurudi. Kisha hesabuni siku za njiani kabla ya siku za kutazama. Siku ya kwanza piteni Tukuyu na Uyole, mlale Iringa. Ya pili nendeni Kalenga, penye ngome ya Mkwawa iliyovunjwa na Wadachi mwaka 1894; fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954, limewekwa hapo katika nyumba ya makumbusho. Ya tatu shukeni Dar es Salaam. Ya nne mwone Bagamoyo na magofu ya Kaole, mrudi jioni. Ya tano na ya sita ni za Unguja, kutembea Mji Mkongwe kwa miguu. Mbili za mwisho ni za kurudi.

Kilwa Kisiwani, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331, iwekeni kwa safari nyingine. Mji uliopitwa mbio haukuonwa. Ulioachwa ungaliko, wawangojea. Kwaherini.