Nilichojifunza kwa Siku Moja: Kushona Blanketi la Vipande

(Maelezo yaliyotolewa na mhamasishaji wa jamii mbele ya vikundi vya ushonaji, Nakivale)



Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mbarara kwenye mafunzo ya siku moja ya kushona mablanketi ya vipande. Kikundi chetu kilipewa nafasi moja tu. Leo nimekuja kutoa ripoti, kwa sababu aliyetumwa na watu lazima arudi kwa watu.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, niseme jambo moja waziwazi. Najua kuna manung'uniko. Wengi wenu mlitaka aende yule mama yetu mzee ambaye ameshona kwa mkono tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilichaguliwa kwa sababu barua ya mwaliko ilitaka mtu anayejua kusoma na kuandika, nami nimesoma sekondari. Sikuomba kwenda, lakini pia sikukataa. Jambo hilo nitalirudia mwishoni.

BLANKETI LA VIPANDE NI NINI?

Ni kitandiko chenye tabaka tatu. Juu ni vipande vidogo vya kitambaa vilivyoungwa pamoja. Katikati ni kitu cha kutunza joto. Chini ni kitambaa kimoja kizima au shuka kuukuu. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mishono ili zisihame. Watu wa pwani wana neno mfarishi kwa kitandiko cha namna hii.

Wengine watasema: "Hivyo si viraka tu? Tumetoka kwetu tukiwa na nguo nzima, leo tuvae viraka?" Naelewa aibu hiyo. Lakini kiraka huziba tundu. Hapa hatuzibi tundu, tunatengeneza kitu kipya. Na sote tunajua baridi ya hapa usiku, mwezi wa sita na wa saba, wakati blanketi moja linavutwa na watoto wanne.

Mwalimu wetu alituonyesha picha za kazi za watu wengine. Kule Karnataka, nchini India, wapo watu waitwao Siddi. Wazee wao walikuwa Waafrika waliovushwa bahari zamani, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Siddi hushona mablanketi ya nguo kuukuu kwa mkono, bila cherehani. Huanzia pembeni na kuzunguka hadi katikati, na kwenye kila pembe huweka kipande kidogo wanachokiita ua. Picha nyingine zilitoka Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, ambako wajukuu wa watumwa walishona mablanketi kwa nguo zilizochakaa za shambani. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walikuwa miongoni mwa walioanzisha ushirika wa kuyauza, na mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho mjini Houston. Basi kazi hii haikuanza na watu wenye vitu vingi.

MAMBO YA KUFUATA

1. Chagua vitambaa. Pamba ikae na pamba. Usichanganye kitenge na kitambaa kinachovutika kama fulana, kwa maana mshono utajikunja. Kama hujui kitambaa ni cha aina gani, chomoa uzi mmoja uuchome, mbali na watoto. Pamba huungua ikawa majivu laini na kunuka kama karatasi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

2. Fua kwanza. Kitenge kipya kina wanga, tena hupungua kikifuliwa. Vilevile rangi nyekundu na ya buluu hutoka. Fua mpaka maji yawe meupe, kausha, kisha piga pasi. Ukishona kabla ya kufua, siku ya kufua blanketi utalia.

3. Tengeneza kipimo cha karatasi ngumu. Chukua boksi, kata mraba wa sentimita 12 kila upande. Sentimita 1 kila upande itaingia kwenye mshono, na kipande kitabaki sentimita 10. Kwa blanketi la mtoto la sentimita 100 kwa 120 utahitaji vipande 120, yaani mistari 12 yenye vipande 10 kila mmoja.

4. Kata kufuata uzi wa kitambaa, usikate kimshazari. Kitambaa kilichokatwa kimshazari huvutika. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi wala plastiki, utakuwa butu.

5. Unga vipande mstari kwa mstari. Ukimaliza mstari wa kwanza, laza mishono yote upande wa kulia kwa pasi. Mstari wa pili, laza upande wa kushoto. Mistari miwili ikikutana, mishono hujifunga yenyewe na pembe zinakaa sawa. Jambo hili dogo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

6. Panga tabaka. Kitambaa cha chini kiwe kikubwa kwa sentimita 5 kila upande. Katikati weka blanketi kuukuu lililofuliwa, hata kama lina matundu. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, ili mikunjo itoke pembeni.

7. Funga tabaka. Asiye na cherehani apitishe uzi mnene kutoka juu hadi chini na kurudi, afunge fundo mara mbili, kila baada ya sentimita 10, pale pembe zinapokutana. Kisha kunja kitambaa cha chini kuja juu, kiwe pindo. Toa bandi.

Naongeza neno kwa wenye watoto wachanga. Blanketi lisifunike uso wala kichwa cha mtoto akiwa amelala.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Siku ile tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza saa kumi jioni. Kwa muda huo wote mimi nilimaliza vipande 16 tu. Pigeni hesabu: blanketi la vipande 120 lingenichukua siku saba na nusu kabla hata ya kupanga tabaka. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia kwamba kazi hii inaleta pesa za haraka, msimsikilize. Naomba mtu asikope fedha kwa ajili ya kazi hii. Tuanze na vitanda vyetu. Soko tutalitafuta tukiwa na kitu cha kuonyesha.

Tena vipande vyangu 16 havikukaa sawa. Upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, na katikati paliinuka kama kichuguu. Nilirudi navyo nikaona aibu kuwaonyesha. Siku ya tatu nilikwenda kwa yule mama mzee niliyemtaja. Hakuchukua tepu. Alifumua mishono kwa pini, akaviweka vipande kimoja juu ya kingine, akavitazama pembeni. Akaniambia: "Mwanangu, hiki ulikipima kwa hiki, na hiki kwa hiki. Kila mtoto amekuwa mkubwa kuliko mama yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa haraka niliacha karatasi ngumu, nikatumia kipande kilichokatwa kupimia kinachofuata. Kila kimoja kilizidi kidogo, kama milimita 2. Kufikia kipande cha kumi, tofauti ilikuwa karibu sentimita 2. Mwalimu alikuwa ametuonya juu ya jambo hilo hilo asubuhi, na mimi niliandika vizuri kwenye daftari. Niliandika, lakini mkono wangu haukusikia.

Nami nilimwonyesha jinsi ya kulaza mishono kulia na kushoto. Akanyamaza, akajaribu mistari miwili, akacheka. Alisema miaka yote amekuwa akipigana na zile pembe.

MAPENDEKEZO

Ndugu zangu, nilitaka kusema haya mbele yenu wote, siyo pembeni. Nafasi moja ilipokuja, tulipima watu kwa cheti, na tukakosea. Cheti kinafaa kusoma barua na kuandika vipimo, lakini hakishoni. Kwa hiyo nimemwomba mama yetu, naye amekubali, na sasa nawaomba ninyi mkubali pia:

Kwanza, yeye awe mwalimu wa mikono katika kikundi chetu. Mimi nitakuwa karani wake: nitatengeneza vipimo vya karatasi, nitasoma hesabu, nitaandika majina.

Pili, tukutane kila Jumatano alasiri. Mlango uwe wazi kwa asiyejua kusoma, na kwa wanaume pia. Mafundi cherehani mliopo hapa, tunaomba msichome mabaki ya vitenge. Tutapita kuyachukua Jumanne, na anayetaka kuyauza aseme bei mbele ya kikundi ili isije ikawa ugomvi.

Tatu, mablanketi matatu ya kwanza yasiuzwe wala yasigawiwe viongozi. Yapewe familia zilizofika karibuni na wazee wanaoishi peke yao. Majina yasomwe mkutanoni, kila mtu asikie.

Nne, ikija tena nafasi ya mafunzo, kikundi kiulize kwanza: nani atawafundisha wenzake akirudi? Kama mwenye mikono hajui kusoma, tuandike barua tuombe aende na msomaji. Wakikataa, tutakuwa angalau tumeomba.

Vile vipande 16 nimevileta. Mama amevikata upya kwa kipimo, vimekuwa vidogo kidogo, lakini sasa vinalala sawa mezani. Pitisheni mkono kwa mkono, mvigeuze nyuma mwone mishono. Mwenye swali la vipimo aniulize mimi. Mwenye swali la kushona amuulize mwalimu wetu, ameketi pale mbele.