Mshauri Arudi Chuoni



Wako kati yetu washauri waliokwisha kupata stashahada, nao huulizana: Je, twende tena Chuo Kikuu kutafuta shahada? Wengine hujibu: Ya nini, nasi twajua kusikiliza? Neno hili lataka kupimwa.

Carl Rogers, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1957 ya kuwa mshauri sharti awe mkweli wa nafsi yake, amkubali mtu pasipo masharti, na kuyafahamu mambo yake kana kwamba ni yake mwenyewe. Kweli, shahada haimpi mtu masikio.

Walakini kupenda si kujua. Huja mtoto asiyelala, asiyekula, asemaye heri kufa. Je, ni huzuni ya msiba, au ni ugonjwa utakao tabibu? Hapo moyo mwema peke yake haututoshi. Chuo Kikuu hutufunza kupambanua, kuupima utafiti wa wengine, na kuichunguza kazi yetu wenyewe kama yafaa. Tena hapa kwetu Kenya kazi hii ina sheria yake tangu mwaka 2014, juu ya mafunzo na uandikishaji wa washauri.

Basi twawasihi: mwalimu mshauri akiomba nafasi ya kusoma, msimcheke kwa umri wake. Mpunguzieni vipindi, mchangieni karo. Naye awapo masomoni asiache kuwasikiliza watu, wala kumwonyesha kazi yake mshauri aliye mzoefu kuliko yeye. Elimu haina mwisho, wala shida za watoto wetu hazingoji.