Kupima Upepo wa Magurudumu kwa Tarakimu
(Maneno aliyosema mwanachama mmoja wa reli mbele ya wenzake, Kiembeni)

Nimeombwa niseme habari ya kile kipimo nilichokitengeneza nyumbani, ambacho wengine wenu mmekisikia kwa ajili ya ugomvi kuliko kwa ajili ya kazi yake. Nitasema yote, na ugomvi pia.

Sisi wa reli hatuzionei geji ugeni. Ile yenye mshale, ndani yake mna mrija wa madini uliobanwa ukawa bapa, kisha ukapindwa. Upepo ukiingia, mrija hutaka kunyooka, na mshale hufuata. Mfaransa Eugène Bourdon aliipatia hati mwaka 1849, na hata leo ipo kazini. Lakini ikianguka sakafuni mara mbili tatu huanza kusema uongo, na geji nyingi za mafundi wa pancha zimekwisha kuanguka zaidi ya hapo.

Changu hakina mshale. Kina kihisi cha kununua, ambacho ndani yake mna utando mwembamba. Upepo ukiusukuma, umeme hupita kwa namna nyingine. Kikipewa volti 5, hutoa nusu volti pasipo na upepo, na volti 4.5 penye pauni 100 kwa inchi ya mraba. Baina ya hapo ni hesabu tuliyofundishwa ubaoni: pauni 32 ni volti 1.78. Kibao kidogo cha Arduino huzihesabu volti 5 toka 0 mpaka 1023, basi hapo husoma 364, hupiga hesabu, na kuandika 32 kwenye kioo. Kila hatua moja ni kama thumni ya pauni.

Sasa kosa langu. Kibao nilikipa volti 5 kamili, lakini kihisi nilikipa mawe matatu ya tochi, yaani volti 4.5. Nilidhani nusu volti si kitu. Kumbe kihisi cha namna ile hutoa sehemu ya umeme kinaopewa. Ukipungua, nacho hupunguza. Tairi la pauni 32 kikalisema 27 na nusu. Dalili nilikuwa nayo: kikiwa mezani, bila upepo wo wote, kilionyesha chini ya sufuri kwa pauni moja na kitu. Niliiona nikaipuuza.

Jirani yangu, dereva wa teksi, alikiazima asubuhi. Akaona 27, akajaza mpaka kikasema 32. Kwa kweli ilikuwa 37. Akaenda hivyo siku nzima, na mvua inanyesha. Tairi lililojaa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, hulika hapo, na kwenye maji halishiki barabara vema. Jioni akapima kwa geji nyingine, akaja mlangoni kwangu. “Ndugu yangu, tairi likiharibika tajiri anakata kwangu, hakati kwako.” Sikuwa na jibu.

Dawa ilikuwa waya mmoja. Kihisi na kibao sasa hula umeme mmoja. Ukipungua, umepungua kwa wote wawili, na hesabu haiharibiki. Halafu nikakilinganisha na geji nzuri penye pauni 20, 30 na 40. Hakikupotea hata pauni moja.

Tena, pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi la pauni 32 likipata joto la digrii 10 zaidi hupanda kama pauni moja na nusu, na mtu akipunguza upepo huo, kesho tairi litakuwa pungufu.

Kilichobaki ni mdomo wa kushika valvu, ambao bado unavuja. Aliye hodari wa kukereza shaba na aje kwangu Jumapili, saa nane mchana. Jirani yangu atakuwapo. Amesema safari hii atakitazama kwanza kikiwa mezani, bila upepo.